Leseni ya Kumtoa Feruzi Majini

Nchi yenyewe ina jina, tena zuri, ila limebadilishwa mara tatu tangu mwaka jana, na mtu akilikosea analala ndani, basi tuliache. Itoshe kujua kwamba ina ziwa, ina bendera, na ina Wizara ya Maji Yaliyotulia, ambayo inazijua habari zote za ziwa hilo, hata zile ambazo ziwa lenyewe halijaarifiwa.

Kila mwaka, miezi miwili kabla majani hayajachipua, Wizara hulifunga ziwa ili samaki wapate kuzaliana kwa faragha. Hulifunga kweli, si kwa maneno. Huletwa mnyororo, ukafungwa gatini kutoka nguzo hadi nguzo, ukatiwa kufuli la ukubwa wa kichwa cha mbuzi, na Waziri akapigwa picha akiutia ufunguo mfukoni. Nyavu zote hupelekwa ghala la serikali na kupigwa lakiri. Mwisho wa kuzipokea ni saa sita kamili mchana. Wavu utakaochelewa dakika moja unachomwa moto uwanjani huku bendi ya polisi ikitumbuiza, maana serikali ile haipendi wananchi wake wachoke bila burudani.

Siku ya kufunga ziwa, Feruzi Mlekwa alikuwa akiuwahisha wavu wake. Huyu Feruzi alikuwa mtu wa watu. Nyumba yake haikupata kukosa mgeni, sufuria ya kwake haikujua kipimo, na hata waliokuwa hawampendi walimsengenya wakiwa wamekaa barazani kwake, wanakunywa chai yake. Yeye na mpiga kasia wake walipofika mkabala na Mwamba wa Kitovu upepo ukageuka, mtumbwi ukapinduka. Boti ya doria ilifika upesi mno. Mwenye haki mpe haki yake. Iliuona wavu ukielea kwa maboya yake, ikauopoa, ikaukung'uta maji, ikakimbia nao ghalani, na ukapokelewa saa sita kasoro dakika nane. Songoro, mpiga kasia, aliogelea mpaka nchi kavu. Feruzi alizama.

Kesho yake mjane wake, Mwavita, aliletewa barua yenye muhuri. Wizara ilimpongeza Ndugu Feruzi kwa kuwahisha zana yake ya uvuvi, ikamtaka aendelee na moyo huohuo.

*

Watu wa ziwa lile wana desturi yao. Aliyezama hatafutwi kwa wavu wa mtu mwingine. Unatupwa wavu wake mwenyewe, ule alioushona na kuushonea viraka kwa mikono yake, na mkewe hukaa omoni, mbele ya mtumbwi, ameshika kamba. Wavu wa jirani ukimgusa, ni sawa na kwamba ameibwa, na wazee wa mwaloni, pale wavuvi wanapotia nanga, wanasema mtu aliyeibwa hatulii hata ukimzika mara mbili. Na mpaka apatikane, ijapokuwa mfupa mmoja wa kuzika, mkeka wa msiba haukunjwi.

Basi mkeka ukatandikwa sebuleni kwa Mwavita. Juma la kwanza watu walijaa hadi uani, wakakalia hata kinu. Juma la tatu walibaki waliokuwa hawana pa kwenda. Mwezi wa pili walibaki mashangazi wawili wa Feruzi, mmoja analala, mwingine anamwamsha ili walie. Nyumba iliyozoea vishindo ikawa kimya, unasikia panya akibadili mawazo.

Mwavita aliiandikia Wizara kuomba wavu utolewe ghalani siku moja tu, amtafute mumewe. Majibu yalikuja baada ya siku kumi na tisa. Wizara ilieleza kwamba samaki walikuwa katikati ya shughuli nyeti na hawapaswi kushtuliwa, ikamalizia hivi: "Hata hivyo Wizara inaungana nawe katika majonzi, kwa sauti ya chini."

Akangoja. Majani yalipoanza kuchipua na redio ikatangaza wiki ya kuhuisha leseni, aliamka alfajiri, akafunga kanga mbili, akachukua leseni ya mumewe iliyokwisha muda, akaenda Ofisi ya Uvuvi.

*

Ofisi ile ina milango minne, na mitatu kati ya hiyo ni ya wageni rasmi. Wananchi wanahudumiwa kwenye dirisha. Chini ya dirisha hilo Bi Tausi huuza chai na vitumbua, na ukitaka kujua lini karani anaingia, kalala wapi na kaamka na hasira ya nani, unamuuliza yeye.

"Leo una bahati," alimwambia Mwavita. "Yumo Kapufi. Kapufi si mbaya. Ila usimlilie, machozi yanamchanganya, anaweza kukugongea muhuri usio wako."

Bwana Kapufi, Mkaguzi Msaidizi wa Daraja la Pili, aliipokea leseni, akaigeuza huku na huku.

"Hii ya Feruzi Mlekwa. Inahuishwa na mwenyewe, kwa kidole gumba chake. Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko ziwani, kaka."

"Ziwani kwa leseni ipi? Hii imekwisha."

"Alizama. Siku ile ya kufunga."

Kapufi aliivua miwani. "Pole sana, dada yangu. Pole kwa kweli." Kisha akahesabu kwa vidole, na uso ukambadilika. "Maana yake yumo ndani ya ziwa siku zote za marufuku. Sitini na mbili." Akachungulia nyuma yake, akainama dirishani. "Hilo nitajifanya sikulisikia. Usilirudie mbele ya mtu."

"Nataka wavu wake nimtoe," Mwavita alisema. "Sina haja nyingine. Nikishampata, wavu wenu nitaurudisha."

"Wavu unatoka kwa leseni. Leseni ikiwa ya marehemu, mrithi anairithi kwa cheti cha kifo."

"Nipe basi hicho cheti."

"Cheti kinatoka hospitali, wakishauona mwili."

"Mwili umo majini."

"Mwili ulio majini unatolewa kwa wavu." Kapufi alichukua kalamu, akachora mishale kwenye karatasi: leseni kwenda wavu, wavu kwenda mwili, mwili kwenda cheti, cheti kwenda leseni. Mshale wa mwisho ulipoungana na wa kwanza aliutazama mchoro wake kwa heshima. "Unaona? Hakuna hata pa kupenyeza sindano. Hii ilitungwa na kamati, watu tisa, wakakaa hotelini wiki mbili."

Mwavita hakulia, kama alivyoagizwa. Alikaa chini palepale, mgongo ukutani, na foleni ikaanza kumpita.

Ilipofika saa tano jua likamkuta. Hapo Bi Tausi akaweka birika chini, akasimama, akagonga kioo kwa mwiko.

"Kapufi. We Kapufi. Siku mama yako anakwenda kujifungua, nani alimpakia kwenye mtumbwi akamvusha? Siyo Feruzi huyu? Leo umekaa kwenye feni, mke wake anakaangika nje kama kitumbua."

"Bi Tausi, sheria ni sheria."

"Sheria ndiyo iliyokuvusha tumboni?"

Foleni ilicheka. Kapufi alifunga dirisha, akakaa kitambo, akalifungua tena. Alikuwa na kijitabu kinene mkononi, kidole kikiwa katikati ya kurasa.

"Dada, sogea. Kuna kifungu. Wavu uliopokelewa bila mwenyewe unaitwa zana yatima. Mtu akiomba leseni mpya kwa jina lake, anaweza kupewa zana yatima. Lakini fomu ya leseni mpya inataka aina ya samaki. Lazima useme unakwenda kuvua nini."

"Sikwendi kuvua. Nakwenda kumtoa mume wangu."

"Najua. Lakini kwenye orodha kuna aina arobaini na moja, na mume hayumo." Alipitisha kidole tena, kambale, sato, kuhe, dagaa, kana kwamba mume angeweza kujificha mahali. Mwisho akafika mstari wa chini kabisa. "Kuna 'Nyinginezo'. Ukijaza Nyinginezo, unatoa maelezo. Basi. Nikigonga muhuri, kesho kutwa wavu unao."

Mwavita alimtazama. "Nikuelezee Feruzi kama samaki?"

"Nielezee Feruzi," alisema Kapufi. "Mambo ya samaki niachie mimi."

*

Wakajaza. Kapufi alikuwa akiuliza kama fomu inavyouliza, hakuthubutu kubadili neno, lakini sauti aliishusha.

"Urefu?"

"Futi tano na inchi tisa. Akivaa kofia anajidai futi sita."

"Rangi?"

"Maji ya kunde. Mabegani mweusi zaidi, kwa jua."

"Dume au jike?"

Bi Tausi alikohoa. Mwavita akasema dume.

"Alama za utambulisho?"

"Ana kovu kwenye goti la kushoto, panga la injini lilimkata mwaka tuliooana. Na kucha ya kidole kidogo haikuwahi kuota vizuri."

"Mzaliwa wa ziwa hili au ameletwa?"

"Ameletwa. Babake alimleta kutoka ng'ambo akiwa anatambaa."

"Hutembea peke yake au kwa makundi?"

Hapo Mwavita alitikisa kichwa. "Hawezi kuwa peke yake," alisema. "Hata akiumwa anataka watu chumbani wanaongea. Nikimwambia lala, ananiambia nitalala vipi na kimya chote hiki. Andika makundi."

"Chakula chake?"

"Ugali wa muhogo na maharage ya nazi. Samaki hali. Miaka yote ya uvuvi, akinusa samaki wa kukaanga anatoka nje. Watu hawaamini."

Kapufi aliandika: *Hali samaki wenzake.* Akakata "wenzake" kwa mstari mmoja mwembamba. Akaivua tena miwani, akaifuta kwa tai, ingawa ilikuwa safi.

"Mahali anapopatikana?"

"Mkabala na Mwamba wa Kitovu, upande wa kaskazini."

"Idadi?"

"Idadi ya nini?"

"Wako wangapi?"

"Kaka," alisema Mwavita, "yuko mmoja."

Kapufi akaandika moja, akagonga muhuri, akaitia fomu kwenye jalada la kwenda makao makuu kama utaratibu unavyotaka. Ukweli usemwe: hakuwa na ubaya wowote moyoni. Bi Tausi alimpa kitumbua bure, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu uhuru wa nchi ile, ule wa kwanza.

*

Huko makao makuu, Wizara ilikuwa na shida ya hotuba. Waziri alitakiwa kulifungua ziwa Jumamosi, mbele ya mabalozi, na hakuwa na jambo jipya la kutangaza. Samaki walikuwa wamepungua licha ya faragha yote waliyopewa. Waandishi wa hotuba walikuwa wakipekua majalada kutafuta chochote chenye matumaini, ndipo wakaiangukia fomu ya Mwavita.

Jumamosi kulikuwa na zulia hadi ndani ya maji. Mwavita alikuwepo, pamoja na Songoro na mtumbwi, maana wavu ulikuwa utolewe mara tu baada ya hotuba. Bi Tausi alikuwa amehamishia birika lake huko. Waziri alipanda jukwaani, akatoa ufunguo mfukoni, akauonyesha kwa mashariki na magharibi.

"Ndugu wananchi," alisema, "maadui zetu walisema ziwa letu limekwisha. Leo ziwa lenyewe limewajibu. Wataalamu wangu, wakifanya kazi usiku na mchana chini ya maelekezo yangu, wamegundua katika ziwa hili kiumbe ambaye hayupo katika maziwa ya jirani, wala katika bahari za wakubwa. Ni mrefu wa futi tano na inchi tisa. Ana rangi ya maji ya kunde, rangi yetu sisi. Hupenda kuishi kwa makundi, kama tulivyo sisi, kwa umoja na mshikamano. Na hali samaki wenzake. Ndugu zangu, ni viongozi wangapi duniani wanaoweza kusema hivyo?"

Makofi yalipigwa. Mwavita alimshika Songoro mkono.

"Shemeji," alinong'ona Songoro, "si kovu la Feruzi hilo analolisoma?"

Lilikuwa lenyewe. Waziri alilisoma goti la kushoto kwa madaha, akasoma na kucha.

"Na kwa kuwa yuko mmoja tu nchi nzima," aliendelea, "serikali yenu sikivu haiwezi kukaa ikitazama aangamie. Kuanzia leo, eneo lote la Mwamba wa Kitovu ni hifadhi ya taifa. Ni marufuku kumvua, kumgusa wala kumsumbua, leo, kesho na vizazi vijavyo. Nami, baada ya kubembelezwa sana, nimekubali apewe jina langu."

Kufuli likafunguliwa. Bendi ikapiga. Mabalozi wakauliza kama samaki huyo anaweza kuonekana, wakaambiwa ana haya.

Mwavita alipenya katikati ya watu mpaka akamfikia Kapufi, aliyekuwa amesimama nyuma ya hema la wageni, rangi imemtoka.

"Nenda kawaambie," alimwambia. "Umeandika kwa mkono wako. Waambie ni mtu."

"Dada, nisikilize." Kapufi alichungulia hemani. "Nikisema ni mtu, Waziri atakuwa amempa maiti jina lake mbele ya mabalozi, na mimi leo hii silali nyumbani. Hilo tuseme langu. Lakini na wewe leseni yako itakuwa imetolewa kwa maelezo ya uongo. Wavu unarudi ghalani, na safari hii unachomwa. Ndio wavu wake. Hakuna mwingine."

Mwavita aliutazama uwanja wa kuchomea nyavu, ambao ulikuwa umefagiwa kwa ajili ya sherehe. Halafu akatazama majini.

"Leseni yangu inaruhusu nini?"

"Kila kitu," alisema Kapufi, akainamisha kichwa. "Samaki wote wa ziwa zima. Isipokuwa huyo."

*

Alitia kidole gumba, wavu akapewa. Ulikuwa umekunjwa vizuri kuliko Feruzi alivyowahi kuukunja. Alinusa pembe yake moja, akaona bado inanuka moshi wa jikoni kwao, ambako Feruzi alikuwa akiushonea huku akipiga soga na wageni. Songoro akapiga kasia bila kuambiwa waende wapi.

Mkabala na Mwamba wa Kitovu walikuta maboya mekundu yamepangwa duara, mapya, na bango lenye picha ya samaki mnene anayetabasamu. Boti ya doria ilikuwa imeegeshwa hapo, na ndani yake koplo mmoja mtu mzima.

"Rudini nyuma, mama," alisema koplo. "Hapa ni hifadhi. Humu mna samaki mmoja, na ndiye huyohuyo nchi nzima."

"Najua," alisema Mwavita. "Ndiye huyohuyo."

Koplo alimtazama mjane aliyevaa kanga nyeusi, akautazama wavu, akamtazama Songoro, ambaye alikuwa akilia bila kujificha. Hakuwa mjinga. Alizima injini. Kukawa kimya, maji yakigonga mbao tu.

"Ukiutupa na kuuvuta nakukamata," alisema, si kwa ukali. "Nimeapishwa. Nina wajukuu."

"Na nikikaa tu?"

Koplo alifungua kijitabu chake cha kanuni, akasoma kwa muda mrefu akilowesha kidole. "Kukaa hawakukuandika."

Basi Mwavita akakaa omoni, mahali pake, kama desturi inavyotaka. Aliinama akaanza kuongea na maji, kwa sauti ya kawaida, ile ya mtu anayemsimulia mwenzake aliyekuwa safarini. Alimweleza nani kaoa na nani kaachwa. Alimweleza kwamba shangazi mkubwa anakoroma mpaka kuku wanahama. Alimwambia Bi Tausi katoa kitumbua bure, na Songoro, machozi yakimtiririka, akacheka, kwa sababu Feruzi angecheka. Alimwambia nyumba iko kimya sana, akalirudia hilo mara mbili.

Kisha akaomba kisu.

"Shemeji, unafanya nini?"

Alikuwa anakata maboya ya wavu. Aliyakata moja moja, akiyapanga miguuni kwake, mpaka wavu ukabaki na risasi zake za chini tu, zile za kuuzamisha, mzito. Songoro alifungua mdomo amwambie kwamba huo ndio ulikuwa riziki yao, kwamba leseni bila wavu ni karatasi, halafu akaufunga. Wakaunyanyua wote wawili, wakaushusha ubavuni polepole, upande ule wa duara nyekundu. Ukatanuka, ukageuka rangi ya maji, ukaenda. Kamba ikapita viganjani mwa Mwavita, pingili baada ya pingili, naye hakuivuta. Ilipofika ncha aliishika kidogo, kama unavyomshika mgeni mkono mlangoni, akaiachia.

Koplo alikuwa amesimama. Alikuwa ameshatoa daftari lake la ripoti, maana kila kinachoingia hifadhini lazima kiandikwe, na sasa kalamu ilikuwa imekwama hewani.

"Mama," alisema, "hukuvua kitu, hilo nimeliona. Lakini wavu wa leseni umeingia majini na haukutoka. Niandike nini? Umepotea?"

Mwavita alikuwa anajipangusa mikono kwa ncha ya kanga.

"Andika umefika," alisema.